JENEZA LISILOFUNGULIWA

Miongoni mwa filamu za Kisinhala zilizotengenezwa wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini Sri Lanka, ipo moja ambayo twaona yafaa itazamwe na kila avaaye sare. Jina lake ni Purahanda Kaluwara, yaani giza la usiku wa mwezi mpevu, nayo ni kazi ya Prasanna Vithanage ya mwaka 1997.

Hadithi yenyewe si ndefu. Mzee Wannihami, kipofu, akaa katika kijiji kilichopigwa na ukame. Jeshi laleta jeneza la mwanawe Bandara, nalo limetiwa muhuri, lisifunguliwe. Watu walia, wazika. Mzee peke yake akataa kusadiki. Ofisa wa kijiji amjia na karatasi za fidia: ni kutia dole gumba tu, na fedha zile zahitajiwa mno nyumbani mle. Mzee hatii. Mwishowe ashika jembe na kulifukua kaburi. Ndani ya jeneza mna vigogo vya mgomba na mawe.

Aliyeigiza mzee huyo ni marehemu Joe Abeywickrama. Hapigi kelele wala halaani mtu. Asema kidogo mno, na ukaidi wake wote umo katika ukimya.

Mwezi Aprili 2000 jeshi la Sri Lanka lilipoteza kambi yake kubwa ya Elephant Pass. Miezi michache baadaye serikali ikazuia filamu hiyo isionyeshwe hadi hali ya vita itengemae, ikihofia kwamba itavunja moyo wa askari. Hofu hiyo hatuidharau. Vita ni vita, na maneno yaweza kudhuru. Lakini twauliza: moyo wa askari wavunjwa na nini? Na picha, au na kujua kwamba akianguka, mama yake aweza kupelekewa mgomba? Mtengenezaji alikwenda Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, na mwaka 2001 mahakama ikaamuru filamu ionyeshwe. Jeshi halikusambaratika kwa kuonyeshwa kwake. Vita vilikwisha mwezi Mei 2009, na kwa sababu nyingine kabisa.

Tunajua, na wasomaji wetu wanajua zaidi, kwamba bomu la ardhini halibakizi daima cha kuzikwa. Yapo majeneza ambayo kuyafungua ni ukatili. Basi na isemwe hivyo. Baba aweza kustahimili neno “hatukumpata”. Lisilostahimilika ni uzito uliotiwa sandukuni ili wabebaji wasishuku. Maana migomba ile haikujikata yenyewe. Mtu aliikata, mwingine akapigilia misumari, wengine wakasimama na kupiga saluti, pengine bila kujua wanapigia nini.

Ndiyo sababu karatasi ile ya fidia imetukaa akilini kuliko kaburi. Ina mahali pa dole gumba la baba. Kila jeshi na kila kikosi cha polisi kingeongeza mistari miwili juu yake: jina la askari aliyeuona mwili, na mahali alipouona. Pakiwa patupu, paachwe patupu, na baba asomewe kwamba ni patupu kabla ya kutia dole.