Takataka Si Jina la Mtu



Wiki iliyopita, baada ya sala ya alasiri, mama mmoja alifika chuoni kumchukua mwanawe. Kijana alikuwa amepoteza juzuu yake kwa mara ya pili. Mama, kwa uchovu na hasira, akamwambia mbele ya wenzake: "Takataka wewe!" Mtoto akainamisha kichwa, nasi tukanyamaza. Kwa kuwa tulinyamaza siku ile, leo tumeona tulizungumze neno hilo.

Taka ni uchafu unaostahili kuondolewa: taka za nguo, taka za mwili, taka za uani. Neno likirudiwa, hubeba maana ya mchanganyiko wa vitu visivyo na faida, ambavyo mwisho wake ni jaani. Ajabu ya lugha yetu ni kwamba karibu na neno hilo lipo kutakata, yaani kuwa safi. Twasema nguo imetakata, mbingu zimetakata. Na mwenye mali huitakasa kwa kuitolea Zaka. Wala si kila taka ni najisi. Tope la mvua likirukia kanzu ni taka, lakini halibatilishi sala maadamu halikuchanganyika na najisi.

Wazee wetu hawakuwa wepesi wa kulitumia neno hili. Nazi ilipokwisha kukunwa na kukamuliwa, kilichobaki kiliitwa chicha, nacho kilikuwa riziki ya kuku. Kifuu kilifanywa upawa, au kilitiwa motoni. Makumbi yalifukiwa topeni pwani, yakapondwa, yakasokotwa kamba. Kila kilichobaki kilikuwa na jina lake, kwa kuwa kilikuwa na kazi yake. Leo vyote hivyo twavitia katika mfuko mmoja, tukaviita takataka.

Bukhari na Muslim wamepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alipita penye mzoga wa kondoo, akauliza kwa nini wenyewe hawakunufaika na ngozi yake. Wakamwambia kuwa ni mzoga. Akawajibu kwamba kilichoharamishwa ni kuula. Ikiwa ngozi ya mzoga ilitafutiwa manufaa, vipi mtoto aliyepoteza juzuu ahesabiwe kuwa ni wa kutupwa?

Wamepokea pia habari ya mwanamke aliyekuwa akifagia msikiti wa Mtume. Alipofariki, Masahaba walimzika bila ya kumpasha Mtume habari, kana kwamba jambo lake lilikuwa dogo. Mtume alipopata habari, aliomba aonyeshwe kaburi lake, akaenda akamsalia. Bibi huyo alishika taka maisha yake, wala hilo halikumpunguzia cheo mbele ya Mtume.

Katika Suratul Israa, aya ya 70, Mwenyezi Mungu ametufahamisha kwamba amewatukuza wanaadamu. Na katika Suratul Hujuraat, aya ya 11, ametukataza kuitana kwa majina mabaya. Makatazo hayo hayaishii kwa majirani na mawifi. Yamfikia pia mzazi kwa mwanawe, na mume kwa mkewe.

Hatumlaumu mama yule peke yake. Nasi walimu, tukiwa na fimbo mkononi, tumewahi kutamka maneno mazito kuliko hilo, na pengine watoto huyachukua kwetu. Mtoto akikosea, na aambiwe kosa lake kwa jina lake: umepoteza, umechelewa, umesema uongo. Kosa laweza kurekebishwa. Lakini aliyeambiwa kuwa yeye mwenyewe ndiye takataka, atarekebisha nini?

Juzi tulimwita kijana yule, tukamwomba radhi kwa kunyamaza kwetu. Juzuu ilikuwa imekwisha kuonekana, chini ya jamvi.

Ewe Mola wetu, zitakase nyoyo zetu na ndimi zetu, na uwafanye watoto wetu kuwa kitulizo cha macho yetu. Amin.