Bibi Si Rejea

Umekuwa wimbo wa kila kikao cha wahadhiri, na mwaka huu unaimbwa kwa sauti kubwa zaidi: wanafunzi wa siku hizi hawaandiki, wananakili. Hapo zamani walidesa kutoka madaftari ya waliowatangulia, baadaye wakahamia kwenye intaneti, na sasa wamepata akili mnemba inayowaandikia insha nzima kabla chai haijachemka. Dawa inayopendekezwa ni ileile: tununue programu kali zaidi ya kupima mfanano wa maandishi, tukate alama, tuwafukuze wachache ili wengi watie akilini. Hoja hii nimeisikiliza kwa miaka mingi, na nathubutu kusema kwamba imeshikwa mkiani. Kabla ya kumuuliza mwanafunzi kwa nini amenakili, tujiulize ni nani aliyempa kazi inayonakilika.

Chukua swali hili, ambalo nimeliona kwa maneno haya au kwa mengine yanayofanana nayo, likiulizwa kwa Kiingereza bila shaka: jadili athari za wakimbizi kwa jamii zinazowapokea barani Afrika. Swali hili linajibika Mtwara, linajibika Mwanza, linajibika London. Halimhitaji anayelijibu awe mtu fulani aliyetoka mahali fulani. Ndiyo maana jibu lake limekwisha kuandikwa, limekaa steshenari nje ya geti la chuo, limepigwa pini, na bei yake inajulikana. Mwanafunzi anayelinunua ni mdanganyifu, sikatai. Lakini amenunua bidhaa ambayo sisi ndio tuliotangaza zabuni yake.

Wanaowaita vijana hawa wavivu ningewaomba wakae nao siku moja tu. Posho ya chakula na malazi kwa mnufaika wa Bodi ya Mikopo ilipanda kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku katika mwaka wa masomo 2022/23. Kwa fedha hiyo, yaani bumu, mtu ale, alipe pango, apande daladala na anunue bando la simu. Chumba cha wawili hulala wanne, nao wameliita jambo hilo kubebana, neno ambalo kamusi zetu zitalazimika kulikubali siku moja. Kompyuta mpakato ni moja kwa chumba kizima na kuitumia ni kwa zamu. Kazi ya kundi hupewa watu kumi na watano, kwa sababu mhadhiri mwenye wanafunzi mia nne hawezi kusahihisha insha mia nne. Watatu huandika, watano huchangia hela ya kuchapa, waliobaki huchangia majina. Katika vyuo vyetu vingi kazi za muhula na majaribio hubeba alama 40 kati ya 100, kwa hiyo anayezidharau ananusa sapu, na anayezirudia kuzidharau ana hatari ya kudisko. Katika mazingira hayo, kijana mwenye akili timamu hufanya hesabu ya haraka na kupeleka kile kinachotakiwa. Kinachotakiwa ni karatasi. Akimaliza na kubahatika kuajiriwa, sheria itakata asilimia 15 ya mshahara wake kila mwezi kulipia mkopo, na ndani ya deni hilo zimo shilingi alizolipia madesa.

Hayo ni ya tumbo na mfuko, na wengi wameyaandika. Linaloniudhi mimi ni jingine.

Kwetu ni Mbuba, wilayani Ngara, pembe ile ya Kagera inayopakana na Rwanda kwa upande mmoja na Burundi kwa mwingine. Miaka michache iliyopita nilisahihisha insha juu ya swali hilohilo la wakimbizi. Ilikuwa nadhifu: ilianza na tafsiri ya neno mkimbizi katika Mkataba wa mwaka 1951, ikapita Sudan, ikapita Somalia, ikataja uharibifu wa mazingira kwa sentensi mbili, ikamaliza na mapendekezo manne. Jina la ukoo la mwandishi lilinistua. Nilimwita ofisini.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba, mwanangu. Wewe ni mtu wa wapi?”

Alinitajia kata ya Mbuba, kisha kijiji, kisha mlima ninaoujua kwa miguu yangu. Nikamuuliza kama bibi yake yu hai. Yupo, akasema. Mwaka 1993 bibi huyo alipokea familia iliyovuka kutoka Burundi usiku, ikakaa katika jiko lake miezi kadhaa; watoto wa familia ile walijifunza kusoma pamoja na baba yake kijana huyu. Alinisimulia kwa dakika ishirini bila kutazama karatasi, na kila alilosema lilijibu swali langu kuliko kurasa zake kumi na mbili. Nikamuuliza: kwa nini hukuyaandika haya? Akanitazama kwa mshangao wa kweli, wala si wa utovu wa adabu. “Mwalimu, bibi si rejea.”

Alikuwa sahihi. Mwongozo wa kozi ile ulidai rejea zisizopungua kumi, zote za kitaaluma, zote zilizochapishwa ndani ya miaka kumi. Bibi hajachapishwa.

Naomba msomaji asiyekuwapo avumilie nieleze kilichomo katika kichwa cha bibi. Tarehe 28 Aprili 1994 na siku iliyofuata, katika muda wa saa 24 hivi, watu wapatao 250,000 kwa makadirio ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara. Chini ya daraja, mto Kagera ulikuwa ukibeba maiti. Kambi ya Benaco, iliyochukua jina la kampuni iliyojenga barabara, ikawa mji mkubwa ndani ya siku chache, na haukupita muda wageni wakawa wengi kuliko wenyeji wa wilaya nzima. Nilikuwa darasa la tano. Nakumbuka vilima vilivyokuwa na miti vikibaki vipara, bei ya ndizi ikiruka, magari meupe ya mashirika yakipita kwa msururu, na walimu walioacha chaki wakaenda kufanya kazi kambini kwa sababu mshahara wa huko ulizidi wa serikali mara kadhaa. Nakumbuka pia waliotajirika, jambo ambalo insha za madesa hazilisemi vizuri: waliokuwa na shamba na mikono ya kupalilia walipata, wajane na wazee waliibiwa mihogo usiku. Kisha Desemba 1996 serikali ikawataka wakimbizi wa Rwanda warudi kwao kabla mwaka haujaisha, na barabara ileile ikajaa watu wakielekea upande wa pili.

Haya si mambo ya kupamba semina. Mwaka 2013 ilipokuja Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita, maelfu ya watu waliondoshwa nchini kama wahamiaji haramu, wakiwemo waliokwisha kuishi hapa kwa miongo mingi, wenye wake, waume na watoto wa Kitanzania. Katika vijiji ambako Kihangaza chetu kinasikilizana na Kirundi na Kinyarwanda, ambako mpaka ulichorwa na Wazungu juu ya mashamba ya ndugu, swali la nani alihamia lini na nani alimkuta nani hapa ndilo linaloamua mtu alale kwake au avushwe daraja. Jibu lake limo vichwani mwa wazee. Aliyekuwa na miaka 40 mwaka 1994 ameshapita 70. Na mjukuu wake, ambaye taifa limemkopesha mamilioni ili ajifunze kutafiti, tumemfundisha kwamba mzee huyo si chanzo cha maarifa.

Ila kuna namna moja ya kumfanya bibi awe rejea: apitie ng'ambo. Mwaka 1995 kilichapishwa Chicago kitabu cha Liisa Malkki kuhusu wakimbizi wa Burundi nchini Tanzania. Ni kitabu kizuri na ninakifundisha. Kimejengwa juu ya nini? Juu ya simulizi ambazo mwandishi, akiwa mwanafunzi wa udaktari, alikaa akazisikiliza katika makazi ya Mishamo na mjini Kigoma miaka ya 1980. Mkulima wa Mishamo aliposema kwa kinywa chake hakuwa kitu. Alipopigwa chapa Chicago akawa nukuu. Simlaumu Malkki hata chembe. Alifanya kazi ambayo kila mtoto wa Ngara angeweza kuianza jikoni kwao, kama kuna mtu angemwagiza.

Watakaoniambia kwamba wanafunzi wa shahada ya kwanza hawaliwezi jambo hili, nitawarudisha mlimani Dar es Salaam, mwaka 1968. Idara ya Historia ya chuo kile, wakati huo kikiwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, iliwatuma wanafunzi wake kwenda vijijini kuwahoji wazee walioshuhudia Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Walikuwa vijana kama hawa wetu, na mwongozo wao haukudai mzee awe amechapishwa. Karatasi walizorudi nazo zilikusanywa, na mpaka leo hakuna mwanahistoria wa vita vile, wa hapa au wa Ulaya, anayeweza kuzikwepa. Ilikuwa miaka 63 tangu vita vianze. Wangengoja kumi mingine wangekuta makaburi.

Katika miaka hiyohiyo alikuwapo mwanafunzi Daisy Sykes, aliyeandika kazi yake ya somo la historia juu ya babu yake, Kleist Sykes, katibu wa kwanza wa African Association iliyoundwa Dar es Salaam mwaka 1929. Kleist, aliyefariki 1949, alikuwa ameacha maandishi juu ya maisha yake, nayo yalikuwa mikononi mwa familia. Mwalimu wake, John Iliffe, hakumwambia kwamba babu si rejea. Mwaka 1973 karatasi ile ilitoka katika kitabu cha wasifu wa Watanzania alichokihariri Iliffe, na yeyote anayetaka kujua chama kilichozaa TAA na hatimaye TANU kilianzaje analazimika kugonga mlango wa mwanafunzi yule. Waraka wa Nyerere wa Elimu ya Kujitegemea, wa Machi 1967, ulikuwa umelalamikia hasa ugonjwa huu, wa shule inayomfundisha mtoto kuamini kwamba maarifa yapo vitabuni na kwa wasomi tu na kuwadharau wazee wake. Tunaunukuu kila Oktoba 14, kisha tunarudi kutoa maswali ya madesa.

Najua majibu ya wenzangu, na baadhi yana uzito. Kwamba madarasa ni makubwa: kweli, lakini kurasa tatu ambazo hakuna mwingine duniani anayeweza kuziandika husahihishwa haraka kuliko kumi na mbili zinazofanana mara mia nne, tena bila programu yoyote. Kwamba kumbukumbu hudanganya: hudanganya sana, hata yangu ya darasa la tano, ndiyo sababu ya kumfundisha kijana kuwahoji wazee wanne wanaopingana, kuwalinganisha, na kuuliza kila mmoja ana maslahi gani. Huo ndio utafiti. Kunakili tafsiri ya Mkataba wa 1951 ni uchapaji. Kwamba nauli ni kubwa na Ngara iko zaidi ya kilomita elfu moja kutoka Dar es Salaam: mwanafunzi huenda kwao likizo ndefu hata hivyo, na anayebaki mjini ana baba mwenye nyumba, ana mama lishe, ana mzee wa bandari aliyeona mengi. Kwamba mambo ya mpakani ni nyeti na yanaweza kumletea mtu madhara: hili nalikubali lote, na nalipa uzito kuliko hayo mengine. Majina yafichwe, idhini iombwe, na kijana asitumwe bila barua ya utambulisho kwa mtendaji wa kata wala bila kufundishwa lini anyamaze.

Lugha ni kikwazo ambacho hakuna anayekitaja kikaoni. Bibi anasema Kihangaza, mjukuu anawaza kwa Kiswahili, karatasi inatakiwa kwa Kiingereza. Katika safari hiyo ya lugha tatu, neno la bibi linalomaanisha mgeni aliyelala kwako na ambaye huwezi tena kumwita mgeni linafika likiwa limekonda na kuwa “refugee”. Tume ya Makweta ilishauri mwaka 1982 kwamba Kiswahili kipande hadi sekondari na vyuo vikuu. Ushauri huo ukawekwa kabatini. Wakati tunangoja kabati lifunguliwe, hakuna sheria inayomzuia mhadhiri kupokea ushahidi katika lugha uliyotolewa, na tafsiri pembeni. Idara za Kiswahili zinafundisha na kusahihisha kwa Kiswahili tangu miaka ya 1970, na mbingu haijaanguka.

Muhula huu swali langu la kwanza linasema hivi: mtafute mtu aliyekuzidi umri kwa miaka 40 au zaidi, umuulize juu ya tukio moja aliloliona kwa macho yake kabla hujazaliwa, andika alichosema, kwa lugha aliyosemea, kisha tafuta mtu mwingine aliyekuwapo, uandike wanapotofautiana. Kurasa tatu. Mmoja mmoja, hakuna kundi. Steshenari moja ya jirani, naambiwa, imekwisha kuulizwa kama ina jibu lake.