Fungate Amani, aibu Kibosho

Nilikuwa kimya wiki tatu. Wanaojua wanajua: nimeoa. Asanteni kwa michango, kwa kuvumilia vikao visivyokwisha, na kwa yule ndugu aliyeniazima viatu (nitarudisha).

Wengi wananiuliza fungate tulikwenda wapi. Nikijibu "Amani", wanachangamka: "Ahaa, Unguja!" Nikiwaambia si Amani ile, ni Amani ya Muheza, wananitazama kama nimewatajia msiba. Kwa mtu wa Moshi, Muheza ni mahali basi linaposimama ukanunua machungwa dirishani. Kumshusha bibi harusi hapo ni uchumba wa kuvunjika.

Sisi tulishuka. Tukapata gari la kupanda milimani, tukapita Sigi, kwenye nyumba ya zamani ya mkuu wa stesheni ya reli ya Wajerumani, kisha kona baada ya kona mpaka juu, kwenye ukungu na mashamba ya chai.

Bustani ya Amani ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Tusidanganyane, hawakuianzisha kwa kupenda maua. Walitaka kujua ni mmea gani utaliletea koloni fedha, kwa hiyo wakaleta miti ya mpira, viungo, kahawa, mikwinini, kutoka Asia, Amerika Kusini na kwingineko. Waingereza walipochukua nchi waliendelea na utafiti, na hapo ndipo, miaka ya 1930, mtaalamu Storey alipoanza kuzalisha mihogo inayostahimili batobato. Mihogo mingi inayoliwa Afrika leo ina ukoo na kazi ile. Mwaka 1997 Amani ikawa hifadhi ya mazingira asilia. Si kila mgeni aliyeletwa alikuwa na adabu, lakini. Mti uitwao Maesopsis, ambao kwao ni upande wa Kagera na Uganda, ulitoroka ukaingia kwenye msitu wa asili na mpaka sasa hautoki.

Kijana aliyetutembeza ndiye aliyenimaliza. Kila mti anaujua jina la kitaalamu, jina la Kisambaa, na kazi yake. Huu gome lake ni dawa, ule hufai hata kwa kuni. Mke wangu, ambaye ni Msukuma wa Shinyanga, alikuwa anaandika kila kitu. Kwao baba mkwe ana ngitili, lile eneo la malisho linalofungwa ili nyasi na miti ipumzike, na anaijua miti yake kama anavyowajua ng'ombe wake. Basi tukafika kwenye mti mmoja mrefu, majani yake yameota kwa duara. Kijana akasema, "Rauvolfia caffra. Kwenu Kilimanjaro upo mwingi."

Mke wangu akanigeukia. "Kwenu mnauitaje, mume wangu?"

Kimya.

Kijana akanihurumia. "Si msesewe huu, kaka? Mnaotilia kwenye mbege?"

Jamani. Wiki moja kabla nilikuwa nimekunywa mbege ya harusi yangu mwenyewe, nikaisifia uchungu wake mbele ya wazee. Uchungu ule ni gome la msesewe. Mti wenyewe upo kwetu Kibosho, chini ya nyumba ya Bibi, na mimi nimeupanda utotoni nikitafuta viota. Sikujua kwamba ndio huo. Mwandishi wa habari mzima, ninayelipwa kuuliza maswali.

Ninachotaka kusema ni hiki. Sisi wa mlimani tumezaliwa ndani ya bustani ya mimea, ila haina vibao. Mtafiti Andreas Hemp aliandika mwaka 2006 kwamba katika vihamba vya Kilimanjaro kuna aina zaidi ya 500 za mimea, na zaidi ya 400 kati ya hizo hazikupandwa na mtu. Mwaka 2011 FAO iliutambua mfumo wa kihamba wa Shimbwe Juu, kwa jirani zetu wa Uru, kuwa urithi wa kilimo kwa dunia nzima. Na huyo huyo Hemp na wenzake walitangaza mwaka 2016 kwamba mti wa asili mrefu kuliko yote iliyopata kupimwa Afrika upo hapa hapa, bonde la Mrusungu, mkukusu wa mita 81.5. Watalii wanaoutaka wanakuja. Wewe uliyesoma Moshi mjini miaka saba, umewahi kwenda?

Vibao vya bustani yetu vilikuwa vichwani mwa wazee, na wazee wanaondoka. Kihamba chenyewe kinakatwa vipande: watoto wanne, viwanja vinne, kila mmoja anataka nyumba ya tofali na geti. Kahawa iling'olewa bei ilipoanguka, na mti mkubwa wa kivuli unageuka mbao za kenchi. Kwetu pia mazungumzo hayo yameanza, na sijifanyi malaika. Hata mimi nataka kiwanja.

Kuna watakaosema majina yote yameshaandikwa na wazungu. Ni kweli waliandika. Gustav Volkens alikaa kwenye kituo cha utafiti cha Marangu kati ya 1892 na 1894 akikusanya mimea. Lakini mikusanyo ya namna hiyo ilipelekwa Berlin, na sehemu kubwa ya hazina ya mimea ya Berlin iliteketea kwa mabomu Machi 1943. Na hata isingeteketea, nani Kibosho angepanda ndege kwenda kuuliza jina la mti ulio nyuma ya jiko lake?

Mimi sidai wizara wala mradi. Desemba mabasi yatatuleta wote nyumbani kama kawaida yetu, tutajaa kwenye nyama choma mpaka mwaka mpya. Toa asubuhi moja. Chukua daftari la kurasa 40, mshike mkono bibi au babu, mzunguke kihamba tangu sale la mpakani mpaka mfongoni. Andika jina la Kichagga la pale pale kwenu, maana la Machame si la Rombo. Andika na kazi yake. Walimu wa shule za msingi wanaweza kuwapa watoto zoezi hilo likizo, na halihitaji hata senti ya halmashauri.

Sisi tumeanza. Tuliporudi kutoka Muheza tulikwenda moja kwa moja kwa Bibi, mke wangu na daftari lake lile lile la Amani. Bibi alicheka sana kusikia tumelipa nauli kwenda kuonyeshwa msesewe. Asubuhi tatu tukazunguka naye polepole, kwa sababu ya magoti. Mringaringa, msesewe, migomba ya mshare, ya kitarasa, mpaka majani ya mbuzi. Tukafika namba 43.

Namba 44 ni mti ulio nyuma ya zizi. Bibi aliuegemea, akalipapasa gome lake muda mrefu, kisha akasema, "Huu, mjukuu wangu, alikuwa anaujua babu yako."

Babu alifariki mwaka 1998.