Setilaiti ni yetu, usukani ni wa nani?

MVUVI wa Kibuyuni, Kaunti ya Kwale, akiruka kutoka kwenye dau kwenda ufuoni, dau hurudi nyuma. Hakuna aliyelisukuma ila yeye mwenyewe. Wanafizikia huiita kanuni hii uhifadhi wa momenta: mwendo upatikanao upande mmoja hulipiwa upande wa pili.

Kanuni hiyo hiyo ndiyo inayoiwezesha setilaiti kugeuka. Nahodha ana maji ya kukinza usukani na mchanga wa kuchomekea upondo. Angani hakuna pa kuegemea. Kwa hivyo, wahandisi hufunga ndani ya chombo magurudumu yanayoendeshwa kwa mota. Gurudumu likiongezwa kasi kuelekea kulia, chombo kizima hugeuka kushoto, ila polepole kwa kuwa ni kizito zaidi. Likirejeshwa kwenye kasi ya awali, chombo hutulia kikitazama upande mpya.

Mtambo huu mdogo hubeba dhamana kubwa. Chombo cha Marekani kiitwacho Kepler, kilichorushwa mwaka wa 2009 kusaka sayari za mbali, kilikuwa na magurudumu manne. La kwanza liliharibika 2012, la pili 2013, na kazi yake ya awali ikakomea hapo. Kamera ilikuwa nzima. Kilichokosekana ni uwezo wa kuielekeza kwa utulivu.

Historia ya suala hili inatuhusu Wakenya. Mnamo Desemba 12, 1970, kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya Marekani iliyopewa jina Uhuru, kwani siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha miaka saba ya kujitawala. Ndani yake gurudumu lilizunguka kwa kasi kuimarisha mhimili wake. Kazi yake ilipokamilika 1973, ilikuwa imewezesha kuorodheshwa kwa vyanzo 339 vya eksirei angani. Riccardo Giacconi, kiongozi wa utafiti huo, alishinda Tuzo ya Nobel ya Fizikia 2002. Jina lilikuwa letu na bahari ilikuwa yetu. Roketi, gurudumu na ujuzi vilikuwa vya wenzetu.

Je, tumesonga? Naam. Shirika la Anga za Juu la Kenya liliundwa 2017, na Aprili 15, 2023 setilaiti ya Taifa-1, iliyosanifiwa na wahandisi Wakenya, ilirushwa kutoka California. Hata hivyo, iliundwa kwa ushirikiano na kampuni ya Bulgaria, na roketi ilikuwa ya Marekani.

Wapo watakaouliza haya yanamfaa nini mama anayelima mwani Kibuyuni. Bahari ikipata joto kupita kiasi, mwani wake hudhoofika; mvua isiyotarajiwa huuharibu ukiwa umeanikwa. Joto la bahari na mawingu hupimwa kutoka angani, na anayeamua kamera itazame wapi ndiye anayeamua ni bahari ya nani itakayopimwa kwanza. Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake.

Basi kipimo cha mafanikio kisiwe idadi ya setilaiti zenye majina ya Kiswahili. Kiwe karakana na vyuo ambamo kijana wa Kwale anaweza kuchonga gurudumu, kulipima na kulitengeneza. Uhuru tuliwahi kuushuhudia ukipaa kutoka Malindi. Uliosalia ni ule wa kuuelekeza wenyewe.