Kabla ya Kuvuka Sirari na Watoto

Mwezi uliopita tulikaa barazani na mama mmoja wa Bunda, mwenye watoto wanne, ambaye mumewe ni fundi magari. Ndugu wa mume amemtafutia kazi katika karakana moja huko Nairobi, naye baba anataka wahame wote kabla ya shule kufunguliwa. Mama akatuuliza, "Jamani, nikatae niitwe mkaidi, au nikubali nikajute?" Hatukumjibu. Tuliomba daftari la mtoto na kalamu, tukaanza kuhesabu naye.

Baba alikuwa ameahidiwa shilingi 45,000 za Kenya kwa mwezi. Mama alipozidisha kwa 20 akapata 900,000 za kwetu, akashika kichwa. Hapo ndipo wengi wetu tunapoteleza. Mshahara tunauzidisha, lakini nauli, maziwa na pango hatuvizidishi. Tena hiyo 20 haina agano na mtu: Januari 2024 shilingi moja ya Kenya ilikuwa karibu 16 za kwetu, na kabla ya mwaka ule kwisha ilikuwa imepita 20. Anayetaka kutuma fedha nyumbani lazima ajue hilo.

Halafu mshahara haufiki mkononi mzima. Tangu Oktoba 2024 bima ya afya ya jamii huko inakata asilimia 2.75, na tozo ya nyumba asilimia 1.5. Kwa 45,000 hizo ni zaidi ya 1,900, kabla hujagusa kodi ya mapato na pensheni.

Tukageukia jikoni. Pale Bunda mama huyu halipi pango, kwa kuwa nyumba ni yao, ingawa chumba kimoja hakijapigwa sakafu. Muhogo na mtama vinatoka shambani. Dagaa ananunua kwa mwanamke anayewaleta kutoka Mwigobero, Musoma, na akikosa fedha anaandikwa hadi Jumamosi. Mboga hajawahi kuinunua tangu aolewe. Tulipoyaandika yote haya alishangaa, maana hakuwahi kuyahesabu kuwa ni mali. Nairobi kila kimoja kina bei, hata maji katika mitaa mingi hununuliwa kwa madumu. Nauli ya matatu mvua ikinyesha hupanda saa ile ile. Na muuza duka wa huko hakujui, hakuandiki.

Habari ya shule ilituchukua muda mrefu kuliko zote. Kwetu ada za shule za serikali ziliondolewa mwaka 2016 hadi kidato cha nne, na Kenya ilifuta ada za msingi tangu 2003. Kwa hiyo ada siyo tatizo kubwa; tatizo ni lugha na madarasa. Mtoto wake wa pili yuko darasa la sita, amesoma hesabu na sayansi kwa Kiswahili tangu aanze. Huko atasoma kwa Kiingereza. Kenya pia imeacha mfumo wa darasa la nane. Mtihani wao wa mwisho wa ngazi hiyo ulifanyika mwaka 2023, na sasa msingi ni miaka sita, kisha sekondari ya chini mitatu. Mtoto wa darasa la sita akihamishwa katikati anaweza kurudishwa nyuma madarasa mawili, akakaa na wadogo, akachukia shule. Mama alinyamaza kidogo hapo.

Karatasi tusizisahau. Soko la pamoja la Afrika Mashariki lilianza Julai 2010, lakini halikufuta kibali cha kazi. Baba anakihitaji, na mama na watoto wana kibali chao cha wategemezi.

Sasa usalama. Wako wanaosema Nairobi ni kwa wezi tu, na wako wanaosema ni mji kama mji mwingine. Sisi tunasema ulizia mtaa, usiulizie mji. Muulize mwanamke anayeishi pale hasa: watoto hutoka shule saa ngapi, wanapita njia gani, na siku za maandamano, kama yale ya Juni 2024, mnafanyaje?

Liko jambo jingine ambalo watu wa Mara hatulisemi kwa sauti. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu zaidi ya 1,100 waliuawa Kenya, na mamia ya maelfu wakafukuzwa makwao, wengi kwa sababu ya jina la kabila tu. Mjita au Mzanaki, huko watu wengi hawajui wamweke wapi. Lakini Mjaluo wa Rorya au Mkurya ana jina ambalo pia ni la upande wa pili. Jina hilo litampatia majirani na wa kumsaidia siku ya kwanza, na siku mbaya linaweza kumweka upande ambao hakuuchagua wala hakuupigia kura. Mama huyu ni Mjaluo. Alilijua hilo kabla hatujalitamka.

Wazee wetu wanakumbuka pia kwamba mwaka 1977 mpaka ulifungwa, ukafunguliwa 1983. Miaka ile kina mama walioolewa ng'ambo hawakuvuka hadharani kuja kuwazika wazazi wao. Mama mkwe wa rafiki yetu anaishi Butiama, miguu imevimba, na mkaza mwana huyu ndiye anayempeleka kliniki. Katika hesabu za baba hakuwamo kabisa. Tulimwandika juu ya ukurasa mpya, peke yake.

Usiku ule waliongea, mume na mke, hadi taa ikaisha mafuta. Walikubaliana baba atangulie kwa miezi sita, akae kwa ndugu yake, na mama aende likizo akauone mtaa na shule kwa macho yake kabla ya kuhamisha hata sufuria. Baba hakufurahi sana, tusiwadanganye. Alisema mwanamume kupika mwenyewe ni aibu.

Juzi alfajiri alipanda basi la Sirari. Lile daftari amekwenda nalo. Mkewe amemwagiza aandike kila anachonunua, hata kiberiti.