Fimbo ya Leta Haichagui Mgongo

Nina neno nanyi, ndugu zangu wa Kasongo na Kabambare: mliotoka msikitini, mliotoka misioni, na mliobaki nyumbani kuuguza. Ni neno la aibu, na neno la aibu halisemwi mbio. Basi mniwie radhi nikienda polepole.

Desemba 2023, siku za mwisho za kampeni, gari la mgombea mmoja lilisimama karibu na soko hapa Kasongo. Vipaza sauti viwili juu, vijana wamejaa nyuma na fulana mpya. Tuligawiwa chumvi, tukagawiwa na kofia. Kisha bwana mkubwa akatueleza kwamba wazungu wamekusudia kuozesha wanaume kwa wanaume katika nchi yetu, na kwamba tukimpeleka Kinshasa yeye ndiye atakayekuwa ukuta wetu. Makofi yakalia. Mama mmoja muuza mchele, ameketi juu ya gunia lake, akangoja makofi yaishe, akauliza: "Baba, hiyo nimesikia. Na gunia hili litafika Kindu namna gani?" Bwana akacheka, akasema la barabara litakuja. Gari likaondoka. Chumvi ile iliisha kabla ya Noeli, na mama hakupata jibu.

Nataka tulifikiri swali la mama yule, kisha tuyafikiri makofi yetu.

Kwanza tuitazame bidhaa tuliyouziwa. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 40, inampa kila mtu haki ya kuoana na amtakaye wa jinsia nyingine. Maana yake, ndoa aliyotutisha nayo haikuwa mlangoni ikibisha hodi. Mlango ulikwisha fungwa miaka 17 kabla ya gari lile kufika sokoni. Mtu akikuuzia mbuzi wako mwenyewe, na kamba akaitoza bei yake, huyo ni mjanja. Je, anayenunua tumwiteje?

Wala biashara hii si ya jana. Mwaka 2010 mbunge Ejiba Yamapia alipeleka bungeni muswada wa kuwaadhibu watu wa jinsia moja wanaopendana. Haukuwa sheria. Mwaka 2013 Steve Mbikayi akapeleka wake. Nao haukuwa sheria. Mwaka 2024 wazo lilelile likarudi kwa mkono wa Constant Mutamba. Baadaye bwana huyo akawa waziri wa sheria, na Septemba 2025 mahakama ya kasasioni mjini Kinshasa ikamhukumu miaka 3 ya kazi ngumu katika kesi ya fedha za kujenga gereza la Kisangani. Yeye alikana, nami simcheki mtu aliyeanguka. Ila nasema hivi: ukali wa mtu juu ya chumba cha jirani haukuonyeshi mkono wake ukoje mbele ya hazina.

Sasa nije kwenye dini, maana hapo ndipo tulipokamatwa. Kampeni ile ya 2023 ilifungwa tarehe 18 Desemba. Siku hiyohiyo Vatikani ikatoa tamko liitwalo Fiducia supplicans, likimruhusu padri kuwabariki, nje ya ibada na bila kufanana na ndoa, watu wawili wa jinsia moja wanaoishi pamoja. Tarehe 20 tukapiga kura. Simu zetu zikayachanganya maharage na mchanga: wapo walioapa kwamba Papa amekwisha fungisha ndoa hizo. Tarehe 11 Januari 2024 Kardinali Fridolin Ambongo wa Kinshasa akajibu kwa jina la maaskofu wa Afrika na Madagaska kwamba makanisa ya Afrika hayatatoa baraka hiyo. Kasongo nzima ilifurahi, hata sisi Waislamu tuliifurahia barua ya kardinali kana kwamba imetoka kwa mufti.

Lakini barua ile ina nusu ya pili. Inasema pia kwamba watu wenye mwelekeo huo watendewe kwa heshima, utu wao usivunjwe. Nusu ya kwanza nimeisikia sokoni, kwenye pikipiki, kilioni na arusini. Nusu ya pili sijaisikia hata mara moja. Katika siku zizo hizo, tarehe 29 Desemba, ng'ambo ya Tanganyika, Rais Ndayishimiye wa Burundi alisema watu hao wapelekwe uwanjani wapigwe mawe. Hilo lilivuka ziwa bila mtumbwi, likafika kwetu kabla ya jua kuzama. Tujiulize wenyewe, wenye tasbihi na wenye rozari: kwa nini jiwe husafiri upesi kuliko heshima?

Mimi ni Mwislamu, mtoto wa mwalimu wa chuo cha Qur'ani, na wajomba zangu ni Wakatoliki wa misioni. Sikuandika ili kugeuza mafundisho ya dini yoyote. Sheikh afundishe anachoamini, padri afundishe, pasta afundishe. Ndiyo kazi yao, na mwenye kuwasikiliza awasikilize. Lakini Qur'ani hiyohiyo, katika Sura ya 49, inakataza kupelelezana na kusengenyana. Katika Sura ya 24 inamtaka anayewasingizia wanawake wema uzinzi alete mashahidi wanne, na akikosa, anayechapwa ni yeye. Na ndugu Wakristo wanaijua habari ya mwanamke aliyeletwa ili apigwe mawe, na jinsi waliomleta walivyoondoka mmoja mmoja, wakianzia wazee. Dini zote mbili zilijua kwamba ulimi wa mshitaki ni hatari, zikaufunga lijamu. Wanasiasa wameifungua lijamu hiyo, nasi tunawashangilia.

Niwape mfano: mwaka mmoja nilikwenda Kabambare kwa mazishi. Kulikuwa na kijana mshonaji, cherehani yake barazani, hajaoa, mpole, hodari wa kudarizi kofia. Alimdai mtu mmoja fedha za suti ya arusi. Mdaiwa akaona kulipa ni shida, akazusha neno: yule si mwanamume kama wanaume. Jioni ile vijana kama ishirini walikuwa mlangoni pake, wengine hata jina lake hawalijui. Imamu wa mtaa, mzee wa fimbo, akapita katikati yao bila kusema kitu, akaketi juu ya kiti cha cherehani, akasema: "Nani ameona? Aje anieleze mimi." Hakuna aliyejitokeza. Wakatawanyika. Kijana yule alihama baada ya mwezi, na deni lake halijalipwa mpaka leo. Mimi sijui alikuwa mtu wa namna gani, na imamu hakumuuliza. Ninachojua ni kwamba neno moja lilitosha kufuta deni la suti nzima.

Sasa kuna wanaosema: Leta, yaani dola, ipewe fimbo, iwachape hao. Wenzangu, sisi wa Maniema ya kusini ndio wa mwisho kusema hivyo, kwa maana fimbo ya Leta tunaijua kwa migongo yetu.

Tarehe 22 Aprili 1893 askari wa Dhanis, kamanda wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji, waliuteka mji huu wa Kasongo. Simlilii Tippu Tip wala mwanawe Sefu, walioushika mji kabla yake. Biashara ya watumwa waliyoifanya ilikuwa dhuluma, na wajukuu wa waliofungwa minyororo wako hapa. Lakini tazameni kilichofuata. Mwaka 1906 Dola ya Leopold ilipatana na Vatikani: misioni zikapewa ardhi, na kazi ya shule ikawa yao. Watoto wa Kiislamu wakabaki na chuo ambacho Leta haikukihesabu kuwa shule, na wazee wetu wanasimulia habari za waliobadili jina ili waingie darasani. Mpaka 1972 ndipo Uislamu ukatambuliwa rasmi na dola.

Wakristo wasijifute jasho upesi. Mwaka uleule wa 1972 Mobutu alipiga marufuku majina ya ubatizo. Jean na Marie wakaambiwa watafute majina ya mababu. Kardinali Malula alipopinga, akalazimika kukaa Roma uhamishoni. Mwaka 1974 shule za makanisa zikatwaliwa na serikali, na Noeli ikaondolewa katika sikukuu za taifa. Fimbo ileile, mkono mwingine. Leo inampiga jirani kwa jina la maadili, kesho itakupiga wewe kwa jina la uhalisi, keshokutwa kwa jina la chama. Ndiyo maana katiba yetu, katika kifungu cha kwanza kabisa, inasema dola hii haina dini. Wala haikusema hivyo kuitukana dini. Ilisema hivyo kwa kuwa wote tuliwahi kuchapwa.

Najua mtasema: mzee huyu anataka maovu yaenee. Sivyo. Anayembaka mtoto, wa kiume au wa kike, sheria ya kumfunga ipo, na sheria ya 2006 juu ya ubakaji imezidisha ukali. Tuidai itumike, kwa maana watoto wetu wameumizwa sana katika vita, na wengi waliowaumiza wanatembea. Hapo sauti zetu zinahitajika. Lakini kumtafuta mtu mzima ndani ya nyumba yake, kumvua nguo barabarani, kumfukuza mtoto wako mwenyewe kwa sababu ya mnong'ono, hiyo haitulindi na lolote. Inampa tu mgombea wa kesho gari la kupandia.

Na wakati tukilinda vyumba vya watu, nani analinda mambo yetu? Dhahabu ya Namoya inachimbwa Salamabila, ndani ya Kabambare, na vijiji vinavyoizunguka vimekimbia bunduki mara ngapi? Mchele wetu unasukumwa kwa baiskeli katika matope. Mama anayejifungua usiku hubebwa kwa pikipiki, Mungu akipenda. Hayo hayakutoka katika kipaza sauti kile.

Basi ushauri wangu ni mfupi. Masheikh na mapadri, someni barua na aya mpaka mwisho, msiishie kwenye nusu inayopigiwa makofi. Wazazi, mtoto akisingiziwa, simameni mlangoni kama imamu wa Kabambare: ulizeni nani ameona. Na wewe mpiga kura, gari litakaporudi, nalo litarudi, pokea chumvi ukipenda, sikiliza mpaka mwisho, kisha uliza swali la mama wa mchele. Asiyeweza kulijibu, arudi na kofia zake.