Hakuna Aliyejijenga. Uliza Jani la Miraa

Kuna video imezunguka sana kwa simu za vijana wa huku wiki hizi mbili. Kijana wa rika langu amesimama kando ya gari, vilima vya Nyambene viko nyuma yake, anasema: "Mimi nimejijenga mwenyewe. Hakuna mtu ananidai, hata shukrani." Komenti zimejaa moto na makofi. Mimi niliitazama mara tatu. Mara ya tatu nikagundua kitu: picha inatembea. Inamzunguka, inamsogelea, inarudi nyuma. Kuna mtu ameshika hiyo simu, bana. Jamaa anasema hana mtu, na kuna mtu mbele yake anamrekodi akisema hana mtu.

Sitamtaja, na sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni na lile wazo, kwa sababu limegeuka dini. Fungua simu yako sasa hivi uone: jitenge, kata marafiki, usimtegemee mtu, pambana kivyako. Watu wanadhani huo ni ushauri wa maisha tu. Mimi nasema ni uongo kuhusu vile dunia yenyewe imeundwa. Hakuna kitu kinachoanza kikiwa peke yake kimekamilika, halafu baadaye ndio kinatafuta uhusiano na vingine. Uhusiano ndio unatangulia. Sisi na vitu vyetu tunatokea ndani yake.

Najua hapo nishapoteza watu. Tuanze na kitu ambacho mtu wa Laare hahitaji kuelezwa.

Chukua kitita cha miraa. Kijana amepanda mti alfajiri akachuma. Mwingine amepanga vijiti na kufunga, mwingine amezungushia jani la mgomba ili unyevu usipotee. Pickup inatoka hapa kama inafukuzwa, kwa sababu ndege haisubiri na mteja wa Mogadishu hataki miraa ya juzi. Hata vipimo vyetu ni makubaliano. Kilo ya miraa si kilo ya mizani, na mgeni akija na mizani yake sokoni atachekwa.

Sasa kumbuka Machi 2020. Somalia ikafunga mlango kwa miraa yetu, sababu ya kwanza ikiwa korona. Halafu serikali hizi mbili zikakosana, na mlango haukufunguka mpaka Julai 2022. Mimi nilikuwa kidato cha tatu. Mti ulikuwa ule ule, jani lile lile, udongo ule ule. Mvua haikugoma. Ungepeleka jani maabara, wangekuambia hakuna kilichobadilika. Lakini kile kilichokuwa karo, unga, dawa ya nyanya na mshahara wa wachumaji, kikawa majani. Baba alikuwa anaenda shambani asubuhi, anasimama chini ya miti, anarudi. Hakuwa na la kufanya na miti iliyozaa vizuri.

Na haikuwa mara ya kwanza. Tarehe 24 Juni 2014 Uingereza iliharamisha miraa. Siku moja kabla, kitita kile ni bidhaa halali London. Siku iliyofuata, kitita kile kile ni kosa la jinai. Jani halikusomewa hiyo sheria. Kilichobadilika ni mambo yaliyoko kati ya jani na watu, na jani lote likageuka pamoja nayo.

Mtu ataniambia: hiyo ni bei tu, ni soko. Kitu chenyewe kiko pale pale. Haya, tuingie ndani ya jani. Nguvu ya miraa mbichi inatokana na kemikali inayoitwa kathinoni, na hiyo hupungua jani likikaa na kukauka. Ndiyo maana tunakimbia. Kwa hivyo hata ile nguvu unayosema ni ya jani lenyewe, iko kati ya jani na saa, kati ya jani na unyevu wa mgomba, kati ya jani na damu ya anayetafuna. Toa hizo zote, kisha unionyeshe miraa iliyobaki.

Na wazee wetu walijua hili kabla ya ndege. Kulikuwa na kitita maalum kinachopelekwa kwa wazazi wa msichana kufungua mazungumzo ya ndoa. Ukikitafuna peke yako nyumbani, umetafuna miraa. Ukikipeleka kwa heshima kikapokelewa, umeomba mke. Vijiti ni vile vile.

Sasa nije kwa wasomi, maana najua kuna mtu keshaandika huko chini kwamba nimeacha chuo nisiwafundishe falsafa. Niliacha chuo, ndiyo. Sikuacha kusoma.

John Mbiti alizaliwa Mulango, Kitui, mwaka 1931. Ni jirani yetu kabisa. Mwaka 1969 alitoa kitabu juu ya dini na falsafa za Kiafrika, na hoja yake iliyojulikana dunia nzima ni kwamba kwa Mwafrika, kuwepo kwa mtu mmoja kunatoka kwa kuwepo kwa jamii yake. Watu wameichukua hoja hiyo wakaiandika kwa fulana na vikombe, wakaifanya maneno matamu ya kupendana. Mbiti hakuwa anasema tupendane tu. Alikuwa anaeleza mtu ni nini. Kwetu tunasema mtu ni watu. Hebu soma hayo maneno tena polepole. Hayasemi mtu anahitaji watu, wala kwamba anasaidiwa na watu. Yanasema mtu NI watu.

Halafu kuna Plotinus. Huyu ndiye wale walimu wa "jitenge" wa mitandaoni wanampenda, hata wasipomjua jina. Alikuwa mtu wa Misri wa karne ya 3, akasoma Alexandria miaka 11 chini ya mwalimu aliyeitwa Ammonius, kisha akaenda Roma. Maandishi yake 54 yalipangwa na mwanafunzi wake Porphyry kwa mafungu 6 ya tisa tisa. Leo yeye na waliomfuata wanaitwa Waplato Wapya. Alifundisha kwamba vyote vinatoka kwa Yule Mmoja: kwanza Akili, kisha Nafsi, kisha dunia hii tunayoiona. Alifananisha na uhai wa mti mkubwa unaoenea matawi yote huku chanzo chake kikibaki kwa mzizi. Kitu kipo kwa sababu kinapokea kutoka juu na kinageuka kuangalia kilikotoka. Kata huo uzi, hakibaki kitu kidogo au kitu maskini. Hakibaki kitu.

Mtu wa Laare anaelewa hiyo bila kwenda Roma. Kata tawi la mti wako alfajiri uone jioni ni nini.

Lakini Plotinus pia alisema nafsi ikitaka kumfikia Yule Mmoja inaacha yote, inaenda peke yake. Hapo ndipo watu wa "jitenge" wanamdaka. Sasa waulize kama wanajua aliishi vipi. Porphyry, aliyemjua, anasimulia kwamba nyumba ya Plotinus ilijaa watoto, wavulana kwa wasichana, ambao wazazi wao walimwachia awalee na kutunza mali yao. Huyo mtu wa mambo ya juu kabisa alikuwa anakaa chini kukagua hesabu za mali ya mayatima. Na kwa miaka 26 aliyokaa Roma, watu walimletea kesi zao awaamue, na hakujipatia adui hata mmoja kati ya watu wa serikali. Hiyo ni kazi ya mzee wa Njuri Ncheke! Mtu aliyekata watu hangeletewa kesi ya shamba.

Mimi mwenyewe nina neno na Plotinus, sitaficha. Yule Mmoja wake hahitaji chochote, hategemei yeyote. Vyote vinamtegemea yeye, yeye hamtegemei mtu. Naona hapo juu kabisa ameacha kiti kimoja kitupu, na kila anayejiita amejijenga anataka kukikalia. Aliyekijaza kiti hicho vizuri, kwa maoni yangu, ni Mwafrika mwingine aliyesoma vitabu vya hao Waplato: Augustine wa Thagaste, ambayo leo iko Algeria. Nyinyi mnaoenda kanisani Jumapili, Methodisti kwa Katoliki, mnalikiri jambo hili kila wiki. Augustine aliandika kwamba Baba na Mwana ni majina ya uhusiano. Baba haitwi Baba kwake mwenyewe, anaitwa Baba kwa Mwana. Kama hata huko juu kuna mmoja kwa mwingine tangu mwanzo, wewe na gari lako la mkopo umejijenga wapi?

Kuna pingamizi moja nzuri, na aliyenipa ni rafiki yangu fundi wa ujenzi. Alisema: huwezi kuwa na daraja kabla ya kingo mbili. Lazima vitu viwepo kwanza ndipo viunganishwe. Nililala na hilo swali. Kesho yake nikamuuliza: na hizo kingo, zilikuwa kingo kabla mto haujapita? Ilikuwa ardhi moja tu. Mto ulipopita ndipo upande huu na upande ule vikazaliwa, siku moja. Mama na mtoto pia. Mwanamke alikuwepo, ndiyo, lakini mama na mtoto wanazaliwa saa ile ile. Na huyo mwanamke naye alikuwa mtoto wa mtu. Rudi nyuma utakavyo, hutafika kwa mtu aliyeanza bila mtu.

Sasa nisiwapake mafuta. Mimi sisemi uhusiano ni kitu kitamu. Uhusiano unaweza kukuvunja. Wapo wazee wanaotumia neno "sisi" kufunga vijana midomo. Wapo wasichana walioambiwa "jamii imesema" na maisha yao yakaishia hapo. Nikisema tumeundwa na mahusiano, nasema pia uhusiano mbaya hauharibu mambo yaliyo nje yako tu. Unakuharibu wewe. Kwa hivyo ukiwa kwa uhusiano wa kukuua, toka. Lakini utatoka kwa kushikwa mkono na mtu, na utaenda kwa mtu. Hata kutoroka kunahitaji mlango ambao mwingine ameufungua.

Nina sababu ya kusema haya. Mwaka 2022 nilipoitwa chuo kikuu, pesa za miraa ya miaka miwili hazikuwepo. Mama akafanya harambee. Ana daftari la mistari, lenye majina na kiasi. Kuna aliyetoa elfu mbili. Kuna mchumaji, kijana ambaye yeye mwenyewe hakupata kazi tangu mlango wa Somalia ufungwe, alitoa hamsini. Mwaka wa pili karo ikanishinda na moyo ukanishinda, nikarudi nyumbani.

Kwa mwaka mzima sikupita stendi mchana. Kila uso ulikuwa mstari wa lile daftari. Na hapo ndipo nilipoanza kupenda zile video. Sina deni na mtu. Nimejijenga. Nilitaka iwe kweli kwa sababu niliona aibu, na nina hakika wengi wanaopiga makofi kule kwa komenti wanaficha aibu kama yangu.

Siku moja yule wa hamsini akanikuta dukani. Nilidhani ataniuliza pesa. Akaniuliza kama naweza kumsaidia kujaza fomu ya kazi kwa simu. Tukakaa kwa benchi tukajaza. Hakusema tumelipana, na sidhani tumelipana. Deni la duka unalilipa linaisha. Hili haliishi, na lingeisha nisingejua mimi ni nani pale stendi.

Hata jina langu la Kimeru si langu. Ni la babu yangu, na alipewa na wengine.

Kwa hivyo wewe wa ile video, nakuomba kitu kimoja tu. Rekodi nyingine. Sema yale yale uliyosema, neno kwa neno. Lakini mwisho ugeuze simu, tumwone aliyekushikia.

Wenye kupinga mko huru hapo chini. Mje na hoja, matusi wekeni mfukoni.